SAUTI HUKATIKA KWA NINI? SOMO LA JITA NA BAFA YAKE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka jana nyumbani kwetu kulizuka ugomvi mkubwa kwa sababu ya silabi moja tu. Silabi yenyewe ni "ha". Nyanya na mama walikaa majuma mawili bila kusemezana, na sisi watoto tukawa kama zile nyasi za methali ya fahali wawili.

Mama anafanya kazi za nyumbani mjini Riyadh, huko Saudia. Kila Ijumaa jioni hupiga simu ya intaneti, kwa sababu simu ya kawaida ya kutoka ng'ambo hula pesa kama moto ulao nyasi kavu. Ijumaa hiyo nyanya alimwuliza kama mshahara ungetoka, maana masika yalikuwa mlangoni na paa la jikoni lilikuwa linavuja. Simu ilikuwa kwenye spika. Sote tulisikia: "Tutalipwa mwezi huu. Msiwe na wasiwasi." Asubuhi yake nyanya akaenda kuchukua mabati kumi kwa mkopo, akampa mwenye duka neno lake kwamba mwisho wa mwezi atalipa. Mwisho wa mwezi ukafika, pesa hazikufika. Mwenye duka akaanza kuja nyumbani, kwanza kwa upole, halafu bila upole. Nyanya akamwambia mama kwamba hakumzaa ili aje kumfanya mwongo mbele ya majirani. Mama naye akalia, akaapa kwamba alisema "hatutalipwa".

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa Fizikia kisa hiki, aliniuliza swali moja tu: "Sauti ilikuwa inakatikakatika?" Nikamjibu ndiyo, siku hiyo ilikuwa mbaya sana. Akasema, "Basi hapo hakuna mwongo. Katafute habari za jita na bafa, na ukishaelewa uwaandikie wenzako." Makala haya ndiyo matokeo ya kazi hiyo. Maneno hayo mawili si ya Kiswahili asilia. Nimeyachukua jinsi mafundi wanavyoyatamka, na tafadhali, jita si ndugu ya lile jitu la hadithi.

Hebu tuanzie mdomoni. Simu za zamani za waya zilifanya kazi hivi: ukimpigia mtu, mitambo ilikuunganishia njia moja kutoka kwako hadi kwake, na njia hiyo ilikuwa yenu peke yenu mpaka mmalize kuongea. Sauti ilipita kama maji katika bomba. Simu ya intaneti haina bomba kama hilo. Sauti hupimwa mara nyingi sana kila sekunde (kwa ubora wa simu ya kawaida ni mara 8,000), vipimo hugeuzwa kuwa tarakimu, kisha tarakimu hukusanywa katika vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Aghalabu pakiti moja hubeba sauti ya milisekunde 20, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kwa hiyo mama akiongea kwa sekunde moja, pakiti 50 zimeshaondoka Riyadh. Silabi fupi kama "ha" inaweza kuenea katika pakiti saba au nane hivi. Weka hesabu hiyo akilini, tutairudia.

Kuongea kwa njia hii kulianza zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka wa 1974 watafiti wa Marekani walifanikiwa kusafirisha mazungumzo kwa pakiti kupitia ARPANET, mtandao ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo, na mwaka wa 1977 zikachapishwa kanuni za kazi hiyo zilizoandikwa na Danny Cohen.

Sasa pakiti ziko safarini. Wengi hufikiri kwamba sauti hukatika kwa sababu Uarabuni ni mbali. La! Upo waya wa nuru unaoitwa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu hadi Mombasa. Ulifika Mombasa mwaka wa 2009, na urefu wake ni karibu kilomita 5,000. Nuru ndani ya waya wa kioo hukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: ni milisekunde 25 tu. Si lazima kila pakiti ya mama ipitie waya huo, lakini hesabu inatuonyesha kwamba bahari haina lawama kubwa.

Lawama iko kwenye foleni. Njiani kuna mitambo iitwayo ruta, ambayo hupokea pakiti na kuzielekeza, mfano wa askari wa trafiki kwenye makutano ya barabara. Pakiti ikifika wakati njia ni nyeupe, inapita moja kwa moja. Ikifika wakati jirani anapakua filamu, inapanga foleni nyuma ya filamu ya watu. Pakiti inayoifuata inaweza kukuta foleni imekwisha, ikapita kwa haraka. Hata ile ruta ndogo ya waifai nyumbani ina mambo yake, maana vifaa viwili vikituma kwa wakati mmoja hewani vinagongana, na kila kimoja hulazimika kungoja kidogo na kurudia.

Basi pakiti zimeondoka kwa nidhamu, moja kila milisekunde 20, kama askari wa gwaride la Jamhuri, lakini zinafika kama watu wanaotoka mkutanoni: mbili pamoja, halafu kimya, halafu tano kwa mpigo. Huko kuyumba kwa muda wa safari, mara mfupi mara mrefu, ndiko kuitwako jita. Hapa wengi huchanganya, nami nilichanganya kwa siku mbili nzima: kuchelewa si jita. Kama kila pakiti ingechelewa milisekunde 100 barabara, bila kupungua wala kuzidi, sauti ingetoka safi kabisa, ila ingefika nyuma kidogo. Jita ni kutochelewa sawasawa.

Wacha nikupe mfano wa hapa hapa. Sisi ni shule ya kutwa. Tuseme Chama cha Kiswahili kinaghani shairi la mishororo ishirini siku ya wazazi, na kila mwanachama amekariri mshororo wake mmoja. Wote tumetoka nyumbani asubuhi, lakini huyu amekuja kwa miguu, yule matatu yake imezuiliwa njiani, mwingine amenyeshewa akajibanza dukani. Mlezi wa chama akianza papo hapo aonapo wa kwanza ameingia, shairi litakuwa na mapengo: wa tatu hayupo, wa nne hayupo, wageni wanakodoa macho. Akingoja mpaka wa ishirini atie mguu langoni, hapatakuwa na pengo hata moja, lakini wageni watakuwa wameshakwenda zao kupika. Basi mlezi mwenye busara husema, tungoje dakika kumi. Waliofika hukaa kwenye benchi kwa kufuata nambari zao, na dakika kumi zikiisha shairi huanza, kwa mapigo yasiyobadilika. Atakayefika baada ya zamu yake kupita, hata kama amekimbia mpaka akalowa jasho, hana kazi tena. Mshororo wake ni pengo.

Benchi hilo ndilo bafa ya jita. Ni nafasi ndogo katika kumbukumbu ya simu ya yule anayesikiliza. Pakiti zikifika hazipelekwi moja kwa moja kwenye spika. Huwekwa hapo kwanza, hupangwa upya kwa nambari, kisha hutolewa moja moja kila milisekunde 20, sawasawa na zilivyoondoka. Nambari zenyewe hazikosekani, kwa sababu kanuni iitwayo RTP, iliyotolewa mwaka wa 1996 na kurekebishwa mwaka wa 2003, huitaka kila pakiti ibebe nambari ya mfuatano pamoja na alama ya wakati.

Sasa tufanye hesabu kidogo, usiogope, ni ya kujumlisha na kutoa. Nambari hizi nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Pakiti sita zinaondoka Riyadh katika milisekunde ya 0, 20, 40, 60, 80 na 100. Safari ya kila moja inachukua milisekunde 70, 75, 70, 130, 115 na 72. Ukijumlisha utaona kwamba zinafika katika milisekunde ya 70, 95, 110, 190, 195 na 172. Naam, ya sita imezipita ya nne na ya tano njiani.

Bila bafa, tunaanza kucheza sauti mara tu ya kwanza ifikapo, yaani 70. Kwa hiyo ya pili inatakiwa 90, ya tatu 110, ya nne 130, ya tano 150, ya sita 170. Linganisha na muda wa kufika. Ya pili imechelewa kwa milisekunde 5, ya nne kwa 60, ya tano kwa 45, ya sita kwa 2 tu, jamani! Kati ya pakiti sita tumesikia mbili.

Tuweke bafa ya milisekunde 40. Tunaanza 110, na zamu ni 110, 130, 150, 170, 190, 210. Sasa ya pili iko, ya tatu iko, ya sita ilikuwa imeshakaa benchini ikingoja. Zilizokosa ni mbili, ya nne na ya tano.

Tuweke 60. Tunaanza 130, na zamu ni 130, 150, 170, 190, 210, 230. Ya nne inafika 190, zamu yake ni 190, inaingia mlango ukiwa unafungwa. Zote sita zimesikika. Hakuna aliyeongezewa kasi ya intaneti, hakuna aliyenunua bando kubwa zaidi. Tumengoja milisekunde 60 tu, basi.

Msomaji mjanja atauliza: kama ni hivyo, si tuweke bafa ya sekunde nzima tumalize maneno? Kwa video ya kutazama ndivyo ifanywavyo, tena wanaweka sekunde kadhaa, kwa sababu video haingoji umjibu. Mazungumzo ni kitu kingine. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake liitwalo G.114, linasema kwamba sauti ikitoka mdomoni hadi sikioni kwa milisekunde zisizozidi 150, mazungumzo mengi hayatasumbuka, na kwamba mtandao usipangwe uzidi 400. Katika mfano wetu safari na bafa vimekula 130. Ongeza milisekunde 20 za kujaza pakiti kabla haijaondoka, tumefika 150 kamili. Ukiweka bafa ya 300 hutapoteza pakiti yoyote, lakini utapoteza mazungumzo.

Hilo la mwisho nimeliona kwa macho yangu. Kuna Ijumaa ambazo sauti huja safi kabisa ila huchelewa. Nyanya anauliza, kimya. Anadhani hajasikika, anaanza kuuliza tena, na papo hapo jibu la swali la kwanza linaingia. Wote wawili wananyamaza kumpisha mwenzake. Kisha wote wawili wanaanza tena kwa pamoja. Na kile kimya cha katikati, ewe msomaji, kina maana yake kwa mtu mzima. Ukimwuliza mtu, "Uko salama huko?" naye akakaa kidogo kabla ya kusema "niko salama", humwamini. Nyanya alikuwa akikata simu na kutuambia, "Huyu ananificha jambo." Kumbe hakufichwa kitu, ni bafa ilikuwa imenenepa.

Kwa hiyo fundi ana pande mbili za kuogopa. Bafa nyembamba hukata maneno, bafa nene huleta kimya cha shaka. Zamani, na hata leo katika baadhi ya simu za mezani za ofisini, fundi huchagua urefu mmoja wa bafa na kuuacha hapo. Ubaya wake ni kwamba mtandao wa saa tisa usiku si ule wa saa mbili jioni wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Ndiyo maana programu za siku hizi hutumia bafa inayojirekebisha yenyewe. Simu hupima jita wakati wote. Kanuni ya RTP inaonyesha njia moja ya kuikadiria: chukua yumbo jipya la muda lililoonekana, utoe makadirio ya zamani, ugawe kwa 16, kisha ujumlishe kwenye makadirio ya zamani. Kama makadirio yalikuwa milisekunde 10 na pakiti mpya imeyumba kwa 42, tofauti ni 32, gawanya kwa 16 upate 2, makadirio mapya ni 12. Kule kugawa kwa 16 ni kuizuia simu isitaharuki kwa sababu ya pakiti moja iliyopotoka. Mtandao ukichafuka bafa hutanuka, ukitulia hupunguka.

Lakini itatanukaje katikati ya mazungumzo bila mtu kusikia? Jambo hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Kwanza, hutumia vimya vya kawaida vya mazungumzo. Ukivuta pumzi kati ya sentensi mbili, simu ya mwenzako inaweza kukirefusha au kukifupisha kimya hicho, na hakuna atakayejua. Pili, huweza kuvuta au kubana sauti yenyewe. Irabu kama "a" ni wimbi linalojirudiarudia. Simu ikiongeza rudio moja, "a" imekuwa ndefu kidogo na bafa imepata nafuu, ikiondoa rudio moja, imekimbia mbele, wala sauti haibadiliki kuwa nene au nyembamba. Bafa moja mashuhuri inayofanya hivyo huitwa NetEQ. Ilibuniwa na kampuni ya Sweden ambayo Google iliinunua mwaka wa 2010, na tangu mwaka wa 2011 imo ndani ya WebRTC, programu huria inayotumiwa na vivinjari vya intaneti kupigia simu.

Na pakiti ikikosa zamu je? Kwa nini isiombwe tena, kama vile ukurasa wa tovuti unavyoombwa tena ukipungua? Kwa sababu ombi lirudi Riyadh, halafu pakiti ije tena, na wakati huo maneno yameshapita mbali. Simu hujaribu kuziba pengo kwa kurudia kipande cha mwisho cha sauti huku ikikififisha. Pengo la pakiti moja hulisikii kabisa. Yakifuatana mengi, ndipo unaposikia ile sauti ya roboti. Kodeki iitwayo Opus, iliyokubaliwa rasmi mwaka wa 2012, ina hila nyingine: pakiti inaweza kubeba nakala hafifu ya pakiti iliyotangulia. Nakala hiyo pia inahitaji bafa, maana bila kungoja pakiti ya pili huwezi kuokoa ya kwanza.

Sasa turudi kwa "ha". Hapa ninasema kama mwanachama wa Kiswahili. Katika lugha yetu mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ha-tu-ta-LI-pwa. Ukanushaji wote umebebwa na "ha", iliyo mwanzoni kabisa, haina mkazo, na hutamkwa haraka. Iondoe, na kinachobaki si neno bovu ambalo msikilizaji atauliza maana yake. Ni sentensi kamili yenye sarufi safi na maana iliyopinduka. Pakiti saba au nane zikifika baada ya zamu yao, "hatutalipwa" ni "tutalipwa", "hawataki" ni "wataki" (hilo angalau lingetushtua), "hamtaniona" ni "mtaniona". Tena simu haiwezi kukisia kilichopotea. Inaziba kwa kurudia kilichotangulia, na kilichotangulia "ha" ya mama kilikuwa kimya. Kwa hiyo ilirudia kimya kwa uaminifu mkubwa.

Bafa ya simu ya mkononi haina kitufe, huwezi kuiamuru. Lakini jita yenyewe unaweza kuipunguza. Siku za Ijumaa sasa kaka yangu haruhusiwi kupakua wala kupandisha kitu kwenye waifai mpaka simu ikatwe, naye amenung'unika mpaka amezoea. Simu huwekwa karibu na ruta, si jikoni nyuma ya ukuta wa mawe. Sauti ikianza kuchafuka tunazima picha, kwa sababu video huzalisha pakiti nyingi na kubwa, ambazo huitangulia sauti kwenye foleni. Hayo matatu yametusaidia kuliko kubadilisha simu, ambako ndiko nyanya alikokuwa akikutaka.

Na mama amebadilisha Kiswahili chake. Akiwa na habari ya kukanusha hasemi tena "hatutalipwa". Husema, "Hakuna. Mshahara hakuna," mara mbili, na nyanya humrudishia, "Nimesikia, mama. Hakuna." Deni la mabati lilimalizwa mwezi wa Agosti. Jikoni halivuji. Mwenye duka tulimweleza habari zote za bafa, kwa urefu, nyanya akiwa shahidi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema siku nyingine tuje na pesa taslimu.